Kompyuta ya ndege «imepakua» au «imepakiwa» data?

SWALI: Ninafasiri kitini cha mafunzo ya wafanyakazi wa ofisi ya uratibu wa safari za ndege. Sentensi moja niliiandika hivi: «Kompyuta ya safari imepakua data za upepo kutoka ardhini.» Mhariri alikata «imepakua» akaandika «imepakia», na mwenzake akasema kuwa yote mawili ni makosa. Ndege iko juu na ofisi iko chini. Nani basi anapakia na nani anapakua?

JIBU: Kila mmoja wenu ana hoja, kwa sababu jozi hii ya vitenzi imebebeshwa kazi mbili zisizopatana. Asili yake ni chombo. Nahodha hupakia boriti jahazini, na akifika bandarini huzipakua. Mpishi naye hupakua wali kutoka chunguni. Kiambishi cha kutendua kinachotofautisha funga na fungua ndicho kinachotofautisha pakia na pakua, na katika matumizi hayo yote msemaji hukitazama chombo kimoja tu, kile kinachotiwa mzigo au kinachotolewa mzigo. Watu wa kompyuta walipoyachukua maneno haya waligeuza mahali pa kutazamia. Unaposema simu yako imepakua wimbo, simu ndiyo iliyotiwa mzigo, lakini kitenzi kinaitazama kompyuta ya mbali ulikotolewa wimbo. Matumizi hayo yamekwisha kukubalika, nami sina ugomvi nayo.

Ugomvi huanza tunapoyapeleka angani. Katika lugha ya kompyuta tumezoea kufikiri kwamba data zimo mahali fulani juu, hata tukapaita wingu, na mtumiaji yuko chini akizivuta. Kwa rubani mambo yamepinduka: wingu halisi liko chini ya mabawa yake, na data anazozihitaji ziko chini zaidi, katika ofisi ya shirika lake. Msomaji wa kitini chako akikuta «imepakua», mmoja ataelewa kuwa ndege imepokea data, na mwingine, aliyezoea lugha ya mizigo, ataelewa kuwa imezitoa. Katika mafunzo ya kazi kama hiyo, utata wa namna hiyo haufai kuachwa.

Tuangalie kinachotokea hasa. Ndege aina ya Boeing 787 inasafiri kutoka Nairobi kwenda New York. Kompyuta ya safari, yaani ile inayokokotoa njia, muda na mafuta, inahitaji makadirio ya upepo na halijoto kwa kila nukta ya njia (nasema nukta, si kituo, kwa kuwa ndege haisimami hapo). Rubani angeweza kuyaandika yote kwa mkono, namba baada ya namba, lakini badala yake hubonyeza kitufe cha kuyaomba. Ombi hilo huenda ofisini, kisha jibu hurudi. Karibu na nchi kavu ujumbe husafiri kwa redio ya VHF, ambayo kwa ndege iliyo katika kimo chake cha safari hufika kiasi cha kilomita 370. Juu ya Atlantiki, ambako hakuna stesheni ya kuupokea, hupitia setilaiti. Hata hivyo, data hizo hazianzi kutumika mara tu zinapofika. Hungoja kwenye skrini, na rubani huchagua LOAD ili ziingie katika mpango wa safari, au PURGE ili zitupwe. Akishazikagua ndipo anapobonyeza EXEC, na kompyuta ikaanza kuzifuata.

Hapo kuna matendo matatu, nawe uliyatia yote katika kitenzi kimoja. Kwa tendo la kwanza, ujumbe kutoka ardhini kwenda ndegeni, napendekeza kupandisha, na kwa mwelekeo wa pili, kushusha. Najua utakalonijibu: data nyingi za upepo hupelekwa ndege ikiwa bado imeegeshwa, haijapanda popote; na zile za setilaiti hupaa hadi kwenye mitambo ambayo mingine iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha humwangukia rubani kutoka juu. Pingamizi hilo lingekuwa zito kama kupanda kungekuwa na maana ya kwenda juu peke yake. Lakini Mswahili hupanda basi, hupanda jahazi, hupanda ndege iliyosimama, na popote alipo, akitoka chomboni ameshuka. Basi ujumbe nao hupanda na kushuka kama abiria. Ndiyo sababu nachagua kushusha badala ya kuteremsha, kwani kushusha abiria ni usemi wa kila siku. Kwa kuwa vijana husema pia «kushusha nyimbo» wakimaanisha kuzileta kwenye simu, mara ya kwanza andika kwa ukamilifu «kushusha kutoka ndegeni», na msomaji hatapotea tena.

Tendo la pili, rubani anapochagua LOAD, ndilo linalostahili kupakia, na hapa mhariri wako alikuwa karibu na shabaha. Kosa lake ni la mtendaji: kompyuta haipakii, hupakiwa, anayepakia ni rubani. Kipimo kizuri cha tofauti hii ni hifadhidata ya urambazaji, ambayo huhuishwa kila baada ya siku 28. Mafundi wakiipeleka ndani ya ndege kwa kifaa chao, wameipakia bila mtu yeyote kuipandisha kwa redio. Kwa tendo la tatu, la kubonyeza EXEC, kuidhinisha kunatosha.

Suala la mtendaji lina uzito kuliko linavyoonekana. Mfumo wa ujumbe uitwao ACARS, ulioanza kutumika mwaka 1978, ulibuniwa ili kuwapunguzia marubani kazi ya kusema redioni, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kutoa taarifa za nyakati nne za safari: ndege inapoondoka maegeshoni, inaporuka, inapotua na inapoegeshwa. Nyakati hizo vihisio vya ndege huzitambua vyenyewe. Vivyo hivyo, baharini kompyuta ya waongoza ndege huwekeana mkataba na ndege kwamba itoe taarifa ya mahali ilipo kila baada ya muda fulani, na ndege hutekeleza bila rubani kugusa chochote. Kuandika «rubani ametuma» katika mahali kama hapo ni kosa la ukweli, wala si la mtindo tu. Andika «ndege imeshusha taarifa». Lakini mwongoza ndege akipandisha agizo la kubadili kimo, rubani mwenyewe ndiye anayejibu kuwa atatekeleza, au hawezi, au asubiriwe, na hapo mtendaji ni yeye.

Jambo moja la kuchunga. Wingi wa upepo ni pepo, na mtu akifuata pendekezo langu bila kufikiri ataandika kwamba ofisi «imepandisha pepo», jambo ambalo kwa Waswahili hufanyika kwa ngoma na ubani. Usilitenge neno data na upepo, na data hizo zibaki katika ngeli ya i-/zi- kama ulivyoanza.

Sentensi yako iwe hivi: «Ofisi imepandisha data za upepo, rubani amezipakia katika kompyuta ya safari, akazikagua na kuziidhinisha.»