Wakikucheka kwa Kuchagua Jasho, Endelea Nalo

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba anataka kufanya tasnifu ya uzamili kuhusu tezi za jasho, ila wenzake wanamcheka. Ndugu yangu, fanya. Mimi nilichekwa na jopo zima. Mjumbe mmoja alifunika pendekezo langu kabla sijafika nusu, akauliza, "Jasho si maji na chumvi tu?" Mwezi huu makala yangu imekubaliwa na jarida, kwa hiyo niacheni niringe kidogo.

Maji na chumvi tu! Haya. Mwilini mna tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, kila moja ni kijibomba chembamba kilichojisokota chini kabisa ya ngozi. Jasho likitengenezwa huko chini, chumvi yake hukaribia ile ya utegili, yaani majimaji ya damu. Likianza kupanda, mfereji wa tezi hunyonya sodiamu na kloridi na kuzirudisha mwilini, ndipo litoke nje likiwa na chumvi kidogo. Jasho likimiminika kwa kasi mfereji hauwahi, chumvi nyingi inapita.

Paul Quinton, mtafiti Mmarekani ambaye mwenyewe ana sistiki faibrosisi, aliichunguza mifereji hiyo hiyo. Mwaka 1983 akaonyesha kwamba kwa wagonjwa wa aina yake kloridi haipenyi kwenye kuta za mfereji. Ugonjwa unaojulikana kwa kuharibu mapafu, siri yake ikaonekana kwenye jasho! Hadi leo madaktari hupima kloridi ya jasho kuutambua: milimoli 60 kwa lita au zaidi ni dalili nzito. Hilo nililiandika ukurasa wa pili wa pendekezo. Hakuna aliyefika huko.

Sasa ushauri. Angalia kwanza kwa macho yako. Kuna kipimo cha Victor Minor cha mwaka 1928, chepesi ajabu: unapaka iodini kwenye ngozi, unaiacha ikauke, unanyunyiza unga laini wa wanga. (Muulize mtu kwanza kama ana mzio wa iodini.) Jasho likichomoza, pale pale panakuwa na nukta nyeusi yenye ubuluu. Kwenye ncha ya kidole nukta hizo hujipanga juu ya matuta ya alama za vidole, na wala si kwenye mabonde yake. Kisha mpe mtu hesabu ngumu ya kichwa katika chumba chenye ubaridi: kiganja kinachafuka nukta, kwa sababu viganja hutoka jasho la wasiwasi hata pasipo joto.

Miezi ya kupima na kupima upya naipita, haina utamu. Narudia tu: angalia kwanza. Siku hizi tunakimbilia mashine, tunachora grafu za kitu ambacho hatujawahi kukitazama, halafu tunashangaa hatuna la kusema. Acheni hiyo tabia, jamani. Mwenye kutazama hakosi swali.

Na andika sehemu ya mwili uliyopima, maana paji la uso na mkono havitoi jasho sawa. Andika na unyevu wa hewa, si joto peke yake. Gramu moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la kama kilojuli 2.4, ikidondoka sakafuni haijapoza kitu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho halikauki upesi, na unyevu huo ndio swali la kwanza nililoulizwa na mhakiki wa jarida, na jibu lilikuwa kwenye daftari langu, tarehe na saa.