Kazi iko Kinango ndani, nyumba iko Ukunda: usipige hesabu ya kilomita

Mdogo wangu, kwanza hongera kwa kupata kazi. Umesema umepangiwa dispensari mbele ya Kinango, njia ya Ndavaya, huku Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, mke na watoto wako Ukunda, na ramani ya simu imekuonyesha safari isiyotisha. Unauliza kama kwenda na kurudi kila siku kunawezekana. Kunawezekana. Ila hiyo ramani inahesabu gari likiwa linatembea, na huku kwetu muda wa mfanyakazi huliwa na kungoja.

Nimefanya kazi za afya upande huo miaka kadhaa, nikilala Kwale mjini kwanza, kisha huko huko kituoni. Kutoka Ukunda utapanda gari la Likoni ushuke Kombani, uchukue jingine la kupanda Kwale, halafu la Kinango, halafu boda. Magari matatu na pikipiki moja. Vipande viwili vya mwanzo havina shida, barabara ni ya lami na magari hayakosekani tangu alfajiri. Shida inaanzia stendi ya Kwale. Gari la Kinango haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa. Ukifika wa kwanza umekwisha, utakaa humo ukihesabu vichwa. Na usidanganywe na vichwa. Utaona nafasi moja tu imebaki, unaingia mbio, ukishalipa vijana wawili wanateremka kiti cha nyuma mmoja mmoja kama wanaokwenda kununua maji. Hao si abiria, ni watu wa stendi waliokaa ili gari lionekane limejaa. Siku njema utangoja dakika 10. Siku mbaya karibu saa nzima, na huwezi kushuka kwa sababu gari linalofuata halina mtu kabisa.

Ndiyo maana wenyeji hawasemi ofisi iko kilomita ngapi. Wanauliza leo ni siku gani. Siku ya soko magari ni tele asubuhi, na jioni unabanana na mbuzi na magunia. Shule zikifungwa walimu na wanafunzi hawapo, kwa hiyo gari linachukua muda mrefu kujaa. Mwisho wa mwezi kila mtu ana safari. Kuanzia Machi hadi Mei, mvua ya masika ikishika, ule mto mkavu unaouvuka kila siku kwa boda unaweza kukuamulia kwamba leo hukwendi popote. Nimewahi kusimama ng'ambo ya maji nikiiona paa ya kituo, wagonjwa wamekaa barazani, na hakuna la kufanya ila kupiga simu na kungoja yapungue.

Kuna mwenzetu mwingine humu ameuliza wastani wa safari za wafanyakazi Kwale ni muda gani. Hata ukiupata hautakusaidia. Kaunti hii ina mfanyakazi wa hoteli ya Diani anayelala Ukunda na kufika kazini kwa boda kabla chai haijapoa. Ina afisa anayelala kisiwani Mombasa na kuvuka feri ya Likoni asubuhi wakati umati unakwenda upande wa pili, basi yeye anavuka kwa raha. Ina mtu wa Mackinnon Road ambaye kwa karatasi ni wa Kwale lakini gari lake analisimamisha barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, na mahitaji yake ananunua Mariakani, ambayo iko Kilifi. Eneo bunge la Kinango peke yake ni karibu nusu ya kaunti nzima kwa ukubwa. Ukiwajumlisha hao wote ugawanye, unapata mtu ambaye hayupo.

Boda nayo ni hadithi ndefu. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, vituo vya kazi vya huko vijijini ndani vimefikika. Kabla ya hapo ilikuwa baiskeli, miguu, au lifti ya lori la mchanga. Sheria inasema abiria mmoja, kofia ngumu na jaketi ya kuakisi mwanga kwa wote wawili. Utakachokikuta ni mshikaki wa watu watatu na kofia moja imening'inizwa kwenye usukani kwa ajili ya askari. Usikubali. Tafuta kijana mmoja anayetoka kijiji cha kituo chenyewe, mpatane malipo ya mwezi, awe anakuchukua Kinango asubuhi na kukurudisha jioni. Bei itakuwa nafuu kuliko ya kila safari, lakini faida kubwa ni kwamba mvua ikinyesha hakupandishii bei, na giza likiingia unajua uko na nani. Wauguzi wa kike niliofanya nao kazi hawakupanda boda yoyote nyingine baada ya magharibi, na walikuwa na akili. Alfajiri sana pia usiikimbilie kwa boda: upande wa Mwaluganje na Shimba Hills kuna ndovu, na ndovu hana haraka ya kukupisha.

Mtindo mwingine ni wa walimu: wanne au watano wanachanga mafuta kwenye gari la mmoja wao. Unapendeza mpaka mwenye gari augue, siku hiyo madarasa matano hayana mwalimu. Posho ya usafiri kwenye payslipu isikupe matumaini. Inalipwa kwa daraja la kazi, haijali kama unalala nyuma ya ofisi au Ukunda.

Kabla hujaamua, nenda stendi ya Kinango saa kumi na moja jioni, siku ya katikati ya wiki isiyo ya soko, uulize gari la mwisho la Kwale linaondoka saa ngapi. Waulize akina mama wanaouza hapo, makanga atakwambia lolote ili uondoke. Jibu hilo ndilo litakalokupangia maisha. Kazi rasmi inaisha saa kumi na moja, lakini dispensari haifungi mlango mbele ya mama anayejifungua, na ukikosa gari hilo utalala Kinango au utakodi boda mpaka Kwale usiku, jambo ambalo sikushauri.

Ninavyoona mimi, wewe uwe mtu wa Jumatatu na Ijumaa. Ondoka Ukunda Jumatatu kabla ya adhana ya alfajiri, rudi Ijumaa. Wengi wa huko wanaishi hivyo, na ndiyo sababu Ijumaa mchana magari ya kutoka Kinango hujaa haraka ajabu. Mpigie mkuu wa kituo sasa hivi, umuulize kama nyumba ya wafanyakazi ina chumba na maji yanatoka wapi wakati wa kiangazi. Kama hakuna, pangisha Kinango mjini, ubaki na kile kipande cha boda tu. Ukishajua kijiji chenyewe kiandike hapa, kuna watu wa Puma na Ndavaya humu watakupa namba ya kijana wa boda anayeaminika.