Vituo vya kurudi vimekuwa None

SWALI: Natengeneza programu ya tiketi za basi kwa Python. Orodha ya vituo ni Dodoma, Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro. Kwa safari ya kurudi nimeandika rudi = vituo.reverse(), lakini nikichapisha rudi napata None, na vituo vya kwenda navyo vimepinduka. Nifanyeje?
Msomaji, Nzuguni, Dodoma

JIBU: reverse() hupindua orodha ileile uliyoipa na hairudishi chochote, ndiyo maana rudi ikabaki na None. Kwa kuwa unahitaji pande zote mbili, andika rudi = vituo[::-1]. Utapata orodha mpya inayoanzia Morogoro, na ya kwenda haitaguswa.

Ipo pia reversed(vituo). Hii hainakili kitu, inasoma tu kutoka mwisho kuja mwanzo, hivyo inafaa sana ndani ya lupu ya for. Ila ukiihifadhi kwa jina kisha ukaipitia mara ya pili, hutakuta hata kituo kimoja, maana imeshasomwa ikaisha. Ya kutunza ni list(reversed(vituo)).

Usikimbilie sort(reverse=True). Hiyo hupanga kwa alfabeti kutoka Z kwenda A, na kwa njia yako inadanganya vibaya: Morogoro, Kibaigwa, Gairo, Dumila, Dodoma. Ukitazama mwanzo na mwisho utaridhika, kumbe abiria wa Dumila anapitishwa Kibaigwa kwanza.

Ukiambiwa darasani ugeuze kwa mkono, wa kwanza ubadilishane nafasi na wa mwisho, wa pili na wa nne, lupu iishie katikati: len(vituo) // 2. Vituo 5 vinahitaji mabadilishano 2 tu, Gairo haisogei. Ukizungusha mara zote 5, kila jozi inabadilishwa na kurudishwa, orodha inatoka kama ilivyoingia, na Python hailalamiki.

Halafu kuna nauli. Ikiwa kila kituo ni dict yenye jina na nauli, [::-1] inanakili mpangilio peke yake, dict ni zilezile. Ukipandisha nauli ya Gairo kwenye rudi, ya kwenda nayo inapanda. Hapo anza na rudi = copy.deepcopy(vituo), kisha rudi.reverse() kwenye mstari wake, bila alama ya =. Usisahau import copy juu ya faili.

Kwenye JavaScript kosa hili hujificha zaidi: reverse() hupindua safu ya awali na pia kukurudishia safu hiyohiyo, kwa hiyo rudi itaonekana sawa. Tumia toReversed(), iliyoingia katika toleo la 2023 la lugha hiyo.