Maswali ya Wasomaji: Moli, Bureti na Dumu la Zabibu

Shikamooni walimu. Tuliulizwa: tukichoma gramu 50 za kalisiamu kaboneti, tutapata gramu ngapi za chokaa? Mlingano ni CaCO₃ → CaO + CO₂, uwiano 1 kwa 1. Nikajibu gramu 50, nikakoseshwa. Kwa nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kongwa*

Marahaba. Uwiano umeusoma vizuri, ila umeupachika kwenye gramu. Namba za mbele ya fomula huhesabu chembe, hazisemi lolote kuhusu uzito. Kwa hiyo gramu zako zigeuze kwanza ziwe moli (kipimo cha kuhesabia chembe), vuka mlingano ukiwa na moli, halafu urudi kwenye gramu upande wa pili.

Masi ya moli moja ya CaCO₃ ni 40 + 12 + 48 = 100 g. Gramu 50 ni moli 0.5. Uwiano ni 1 kwa 1, basi CaO, yaani chokaa yako, nayo ni moli 0.5. Masi ya moli ya CaO ni 56 g, hivyo jibu ni 0.5 × 56 = 28 g. Gramu 22 zilizobaki zimepaa kama kabonidayoksaidi (0.5 × 44). Jumlisha 28 na 22 uone kama unarudi kwenye 50. Uhakiki huo hauchukui hata nusu dakika, na ungekuonyesha kosa kabla ya mwalimu. Na kila mstari uandike kipimo chake. Namba isiyo na "g" au "moli" pembeni ndiyo inayowapoteza wengi.

Salaam walimu wenzangu. Napima gramu 4.0 za sodiamu haidroksaidi (NaOH) na kutengeneza myeyusho wa lita moja, nikitarajia 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita. Wanafunzi wanapipeti 25 cm³ na kutumia asidi hidrokloriki (HCl) ya 0.1 M kwenye bureti, ule mrija wenye alama na bomba. Wanapata 22.60 cm³ za asidi badala ya 25.00, na vipimo vyao vitatu vinakubaliana. Kosa liko wapi?
*Mwalimu, Mpwapwa*

Salaam mwalimu. Vipimo vinavyokubaliana vina maana kwamba mikono ya wanafunzi haina tatizo kubwa. Shida iko kwenye myeyusho, wa besi (NaOH) au wa asidi.

Tuanze na besi. Moli za asidi iliyotumika ni 0.1 × 22.60 ÷ 1000 = 0.00226. HCl na NaOH hukutana 1 kwa 1, hivyo 25 cm³ za besi zilikuwa na moli 0.00226, yaani 0.0904 M. Zidisha kwa 40, masi ya moli ya NaOH: gramu 3.62 kwa lita. Katika zile gramu 4.0 ulizopima, karibu 0.38 hazikuwa sodiamu haidroksaidi.

Zilikuwa nini? Maji na kaboneti. Vidonge vya kostiki, ndiyo hiyo sodiamu haidroksaidi, hunyonya unyevu tangu kopo linapofunguliwa, na miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, hali huwa mbaya zaidi hata huku kwetu kukavu. Ukiona vinang'aa na kunata kwenye kijiko, tayari unapima maji. Juu yake hewa inavigeuza: 2NaOH + CO₂ → Na₂CO₃ + H₂O. Kiashiria, yaani rangi inayoonyesha asidi na besi zimemalizana, nacho kina neno lake hapa. Ukitumia methili oranji, kaboneti hiyo huhesabiwa yote. Ukitumia fenolfthalini, rangi hupotea kaboneti ikiwa imefika nusu ya njia tu, kwenye baikaboneti, na kipimo kinazidi kushuka.

Ila usihukumu kostiki peke yake. Asidi iliyozidi 0.1 M huleta dalili ileile, na pipeti iliyosuuzwa kwa maji bila kusuuzwa tena kwa besi pia. Kwa hiyo anza kwa kuipima asidi. Pasha sodiamu kaboneti isiyo na maji kwa saa moja kwenye nyuzi 270 hivi, iache ipoe ndani ya chombo kikavu chenye mfuniko, kisha pima 1.325 g. Iyeyushe kwenye bika, mimina kwenye chupa ya kipimo ya 250 cm³, suuza bika mara tatu na suuzo zote ziingie humo, ndipo ujaze hadi alama. Tunasisitiza *hadi alama*: ukiongeza 250 cm³ za maji juu ya chumvi, hujui tena ujazo wako. Myeyusho huo ni 0.05 M. Kwa kuwa Na₂CO₃ moja hutaka HCl mbili, 25 cm³ zake zikimalizwa na 25.00 za asidi kwa methili oranji, asidi yako ni 0.1 M kweli. Simama rangi ya njano inapogeuka chungwa; ikishakuwa nyekundu umepita.

Ukishaiamini asidi, pima kostiki gramu 4.5 hivi, tafuta nguvu yake kwa titresheni, kisha zimua hadi 0.1 M. Usiandike lebo ya chupa kwa kutegemea mizani.

Kitabu kimoja kinasema moli ya gesi ni 22.4 dm³, kingine 24. Hapa Dodoma mjini tuliweka magnesi 0.06 g kwenye asidi nyingi, tukakusanya gesi juu ya maji na kupata 72 cm³. Hailingani na kitabu chochote!
*Wanafunzi watatu, Dodoma*

Mmepima vizuri sana. Magnesi 0.06 g ni moli 0.0025, nayo hutoa moli 0.0025 za haidrojeni. Kwa 22.4 mngepata 56 cm³, kwa 24 mngepata 60. Lakini 22.4 ni ya nyuzi 0 na kanieneo ya usawa wa bahari, na 24 ni ya joto la chumbani kwa kanieneo hiyohiyo. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari. Hewa inasukuma kwa kilopaskali 89 hivi badala ya 101. Kwa nyuzi 25, moli moja ya gesi kavu hapa inajaza karibu lita 27.8. Tena gesi yenu ina mvuke wa maji, unaochukua kilopaskali 3.2. Ondoa hizo zibaki 85.8, na mnafika 72 cm³.

Magnesi ndogo hivyo msiipime moja kwa moja. Pimeni utepe wa sentimita 100, mgawanye, mkate kwa rula. Na kabla ya kusoma silinda, usawa wa maji ndani na nje ulingane. Kwenye mtihani, tumieni namba iliyotolewa kwenye karatasi.

Nilikamua zabibu, nikajaza dumu la lita 20 na kufunga kwa nguvu ili iive kuwa mvinyo. Limevimba hadi kupasuka. Gesi yote hiyo inatoka wapi?
*Mama wa Hombolo*

Pole sana mama. Inatoka kwenye sukari: C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂. Tuchukulie juisi ina sukari gramu 200 kwa lita, kiasi cha kawaida kwa zabibu zilizoiva vizuri. Lita 20 zina gramu 4,000. Gawanya kwa 180, masi ya moli ya sukari hiyo, ni moli 22.2. Kila moja hutoa gesi mbili, jumla moli 44.4. Zidisha kwa 27.8: zaidi ya lita 1,200 za gesi, kutoka dumu moja.

Jaza robo tatu tu, toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba uliozibwa vizuri pembeni, na ncha ya nje izamishwe kwenye chupa ya maji: gesi itoke, hewa isiingie. Dumu likae penye hewa ya kutosha, si chumba cha kulala kilichofungwa, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, alipolala mtoto.

Moli ni idadi ya atomi katika gramu 12 za kaboni-12, au ni 6.02 × 10²³?
*Msomaji, Manyoni*

Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli ni idadi iliyowekwa: chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Maana ya gramu 12 ndiyo iliyotangulia. Tofauti ya hizo mbili ni ndogo mno kuonekana kwenye mizani ya shule. Hesabu za darasani zinabaki vilevile.