Maswali yenu kuhusu Obama wa Springfield, kabla dunia haijamjua

Niliandika hapa kwamba ile miaka karibu 8 ya Barack Obama kwenye bunge la jimbo la Illinois, 1997 hadi 2004, inafaa kusomwa kuliko hotuba zake zote za urais, na maswali yamemiminika. Nimechagua machache, mengine yanafanana sana.

Ndugu yetu wa Tanga anauliza: seneta wa jimbo ni kama nani huku kwetu? Ni mbunge?

Siyo mbunge wa taifa. Marekani kila jimbo lina bunge lake na gavana wake, na Illinois bunge lina pande mbili, Seneti ya watu 59 na baraza la wawakilishi. Kwa Wakenya MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, ndio wa karibu kidogo kwa maana ya kukaa jirani na wananchi, ila nguvu zake ni kubwa zaidi, maana jimbo linatunga sheria za jinai, kodi, shule, hospitali. Enzi za Obama seneta mmoja alibeba watu kama 210,000. Na kazi yenyewe si ya mwaka mzima, ndiyo maana yeye aliendelea kufundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, halafu bunge likikaa anaendesha gari hadi Springfield, mji mkuu wa Illinois, kilomita 300 na ushee, anakaa huko siku chache anarudi kwa mke wake.

Dada wa Kisumu: ni kweli kiti cha kwanza alipita bila kupingwa? Huku kwetu tunaambiwa alipendwa tu.

Kwenye mchujo wa chama cha Democratic ndiyo, alibaki peke yake, na hapo kwenye "alipendwa" ndipo watu wanaruka sehemu muhimu. Kiti kile cha South Side ya Chicago kilikuwa cha mama mmoja anaitwa Alice Palmer, mwanasiasa wa kuheshimika kabisa, ambaye 1995 aliamua kugombea bunge la taifa akamuunga mkono kijana Obama amrithi. Akashindwa na Jesse Jackson Jr., basi akataka kurudi kwenye kiti chake. Wazee wakamfuata Obama wamwambie akae pembeni, akakataa, kampeni ameshaianza.

Sasa, ili jina liingie kwenye karatasi ya kura ulihitaji sahihi 757 za wapiga kura wa eneo hilo. Mama Palmer alizikusanya haraka haraka, kama 1,580, na watu wa Obama wakaenda kuzikagua moja moja: huyu haishi eneo hili, huyu jina limeandikwa kwa herufi kubwa tu hakuna sahihi, huyu hayumo tena kwenye daftari. Pingamizi zikawekwa, Palmer akaondoka, na wagombea wengine watatu nao wakaondolewa kwa njia hiyo hiyo. Mchujo ukaisha kabla haujaanza. Novemba 1996 wapinzani walikuwepo lakini eneo lile ni ngome ya Democrat, hakukuwa na mashaka.

Mimi naona sheria ilikuwa upande wake kabisa, na aliyeshindwa kukusanya sahihi halali hana wa kumlaumu. Lakini wananchi wa South Side walinyimwa nafasi ya kuchagua kati ya mama waliyemjua na kijana mgeni, na hilo mimi linaniuma, ushindi wa aina hiyo haukuambii kama unakubalika. Jibu la hilo lilikuja miaka minne baadaye.

Msomaji wa Mombasa: aliwahi kushindwa uchaguzi?

Alishindwa vibaya. Mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush, mbunge wa taifa, mtu aliyekuwa kiongozi wa Black Panther, kile chama cha kupigania haki za watu weusi, pale Chicago, kila mtaa unamjua. Rush akapata kama asilimia 61, Obama 30. Tena wakati wa kampeni mtoto wa Rush alipigwa risasi akafa, mji mzima ukamwonea huruma baba, na muda si mrefu bungeni ikaja kura ya sheria ya bunduki, Obama yuko Hawaii na familia, mtoto mdogo mgonjwa, hakurudi, mswada ukaanguka kwa kura chache na magazeti yakamshambulia. Na mitaani walikuwa wanasema huyu ni wa Harvard, ni wa Hyde Park, mtaa wa watu wa chuo kikuu, si mwenzetu. Rais Clinton naye akamuunga mkono Rush.

Ila angalia kitu kimoja, kiti chake cha jimbo hakukipoteza, kwa sababu kipindi chake kilikuwa hakijaisha mwaka huo. Kenya viti vyote vinapigiwa kura siku moja, ukiwania cha juu umeacha cha chini, ukianguka umekaa nyumbani miaka mitano. Yeye alirudi Springfield kuendelea na kazi.

Kijana wa Kakamega: alipitisha sheria gani hasa, au alikuwa anaongea tu?

Miaka 6 ya kwanza chama chake kilikuwa wachache, Republican ndio wenye Seneti, kwa hiyo chochote alichotaka kipite ilibidi akitafutie marafiki upande wa pili, na alikuwa anacheza nao karata usiku, hiyo inajulikana. Hata hivyo 1998 ilipita sheria ya maadili ya kuwabana wanasiasa na zawadi, na baadaye nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo.

Mambo yakafunguka 2003. Mipaka ilichorwa upya baada ya sensa, Democrat wakapata bahati ya kuichora wao, na eneo la Obama likasogezwa kaskazini hadi kwa matajiri wa katikati ya jiji. Chama kikashika Seneti, rais wa Seneti, kama spika hivi, akawa Emil Jones, mwanasiasa mkongwe wa Chicago, na Jones akamkabidhi Obama miswada mizito aibebe. Wenzake wengine walinung'unika kwamba walihangaikia miswada hiyo miaka mingi halafu mwingine anakuja kuchukua sifa, na malalamiko yao yalikuwa ya haki.

Lakini ule mmoja wa kurekodi mahojiano ya polisi, ule ni kazi yake na ndio ninaoupenda. Illinois ilikuwa na aibu kubwa, kuanzia 1977 hadi 2000 watu 12 walikuwa wameuawa kwa hukumu ya kifo na wengine 13 waliohukumiwa hivyo hivyo wakagundulika hawana hatia, na baadhi ya kesi zilitokana na watu kupigwa na polisi mpaka wakakiri. Obama akataka kila mahojiano ya kesi ya mauaji yarekodiwe. Polisi wakapinga, waendesha mashtaka wakapinga, gavana hakutaka. Akakaa nao kikao baada ya kikao, akabadilisha vifungu, akawaonyesha kwamba video inamlinda pia askari anayefanya kazi yake vizuri, na mwisho mswada ukapita Seneti bila hata mmoja kupinga. Sheria ikasainiwa 2003. Hapo ndipo namuona mwanasiasa, kuliko kwenye jukwaa lolote. Mwaka huo huo ikaja ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha.

Dar: nasikia alikuwa anakwepa kupiga kura, anabonyeza "nipo" badala ya ndiyo au hapana.

Kitufe hicho kipo, na alikitumia kama mara 129 katika kura karibu 4,000. Mswada ulihitaji kura 30 kati ya 59, kwa hiyo "nipo" matokeo yake ni sawa na hapana. Nyingine zilikuwa mbinu za chama, nyingine naamini alikuwa anajikinga.

Mama wa Nairobi: mwanangu anataka kuwania MCA 2027 kama mgombea binafsi, atachukua nini kwa huyu mtu?

Mama, mwambie aanze na sahihi. Katiba ya Kenya inamtaka mgombea binafsi wa wadi awe na waungaji mkono 500 waliosajiliwa kwenye wadi hiyo hiyo, na akusanye nyingi zaidi ya hizo, azikague mwenyewe kabla mpinzani hajazikagua.