Nilimtafuta LeBlanc miaka mitatu, nikampata kwa shemeji yake

Jumanne iliyopita, saa nne usiku, nimempata. Miaka mitatu nilikuwa namtafuta babu mmoja wa ukoo wa mume wangu, na nimemkuta kwenye ukurasa niliokwisha kuupitia mara tatu bila kumwona. Nililia hadi mume wangu akatoka chumbani mbio, akidhani nimepigiwa simu ya msiba kutoka Tanga.

Kwa msionifahamu, nimeolewa Moncton, Kanada, kwa Waakadia, wale Wafaransa waliolowea pwani ya Nova Scotia tangu karne ya 17. Siku ya kwanza baba mkwe alipojitambulisha kwangu hakutaja ukoo. Alisema yeye ni fulani à fulani à fulani: jina lake, la baba yake, la babu yake. Nikamwambia, kwetu hiyo "à" ndiyo "bin". Tulipendana tangu siku ile, na alipofariki nikaona ni juu yangu kuufikisha mnyororo wake hadi 1755, mwaka Waakadia walipofukuzwa kwao. Wanangu ni damu hiyo.

Wifi yangu mmoja hakupendezwa. Tukiwa mezani, mbele ya watu, alisema historia ile si yangu. Sikumjibu, lakini neno lile linaniuma hadi leo.

Basi, 1755. Waingereza waliipata Akadia, nchi ya Waakadia, kwa mkataba wa Utrecht wa 1713, na Waakadia wakaendelea kulima mabwawa waliyoyakausha kwa kujenga matuta ya kuzuia maji ya bahari. Walikuwa tayari kumtii mfalme wa Uingereza, ila si kushika silaha dhidi ya Wafaransa. Tarehe 28 Julai Luteni Gavana Charles Lawrence na baraza lake, huko Halifax, wakaamua waondolewe kwa meli, watawanywe kwenye makoloni mengine ya Uingereza. Tarehe 5 Septemba afisa wa jeshi, John Winslow, akawakusanya wanaume na wavulana 418 ndani ya kanisa la kijiji chao cha Grand-Pré, akawasomea kwamba ardhi na mifugo yao sasa ni mali ya mfalme. Orodha yake ipo: jina la mkuu wa kaya, idadi ya wana, mabinti, ng'ombe, kondoo, nguruwe. Humo nilimwona mtu niliyemdhania, mwenye watoto watano. Shida ni kwamba LeBlanc walikuwa wengi mno, wote uzao wa Daniel LeBlanc na Françoise Gaudet, na kila nyumba ina Pierre, Jean na Joseph.

Hapo nilikosea vibaya. Nilihangaika na nyaraka za Nova Scotia nikitafuta ubatizo wa Grand-Pré, kumbe vitabu vya kanisa lile wakimbizi walivibeba, vikaishia Louisiana, na leo vimehifadhiwa na Dayosisi ya Baton Rouge. Watu wamenyang'anywa nyumba na ng'ombe, lakini kitabu cha ubatizo hawakukiacha! Kisha nikamlipa mtafiti mmoja, akaniletea mti wa ukoo alionakili kwa wengine pamoja na makosa yao. Fedha ile ilikuwa ya ada ya mtoto. Msinunue mti wa ukoo, ndugu zangu.

Cha kwanza kujua ni meli ilielekea wapi. Walioshushwa Virginia walikataliwa, mwaka 1756 wakapelekwa Uingereza, ndui ikawaua wengi. Waliobaki wakasafirishwa Ufaransa mwaka 1763, na mwaka 1785 meli saba zikawachukua watu wapatao 1,600 kwenda Louisiana. Ukoo wa namna hiyo utautafuta nchi tatu. Sisi baba mkwe alituachia neno moja tu, "Boston", kwa hiyo nikaingia kwenye majalada ya 23 na 24 ya nyaraka za Massachusetts, jimbo lenye mji wa Boston. Humo mna hesabu za miji iliyodai fedha za kuni, chakula na kodi za nyumba kwa ajili ya wakimbizi. Mna pia maombi ya wazazi ambao watoto wao walichukuliwa wakatumikishwe kwenye nyumba za watu. Usiyasome usiku peke yako.

LeBlanc wangu hakuwamo. Miaka miwili ikapita hivyo hivyo.

Mlango ulifunguliwa na ndoa ya mjukuu wake, iliyofungwa baada ya ukoo kurudi kaskazini. Padri ameandika kwamba bwana na bibi arusi ni ndugu wa daraja la tatu, wameruhusiwa kuoana. Daraja la tatu maana yake wazazi wa babu na bibi zao ni wamoja. Nasaba ya bibi arusi nilikuwa nayo: bibi yake alikuwa LeBlanc, ameolewa na Landry. Kwa hiyo mtu wangu ni kaka wa mwanamke yule, na Landry ni shemeji yake. Nikaacha kumtafuta LeBlanc, nikamtafuta Landry.

Nilimpata Landry kwenye hesabu ya mji mmoja mdogo. Mistari miwili chini yake kuna jina ambalo karani Mwingereza ameliandika kama alivyolisikia, halisomeki hata kidogo kama LeBlanc. Mume, mke, watoto wanne. Grand-Pré walikuwa watano.

Ndiyo maana nawaambia, fuateni mashemeji. Jina hupotoshwa na kila karani, lakini mtu aliyefukuzwa kwao hujibanza kwa dada yake. Tazameni mashahidi wa ndoa, wasimamizi wa ubatizo, jirani wa mstari wa juu na wa chini. Na ninyi mlioolewa ugenini, msikubali kuambiwa kwamba wafu wa watoto wenu hawawahusu. Anayewatafuta ndiye mwenye haki nao.

Wifi hajaniomba radhi. Nakala ya ukurasa ule nimeshaichapisha, na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Waakadia, tukikaa mezani nitamsomea majina kuanzia kwa baba yake.