Maswali ya wasomaji: Brekdauni, karatasi zake na haki ya mwenye gari

Nataka kununua Fuso iliyofungwa krini na winchi nyuma, nifanye kazi ya brekdauni, yaani kuvuta magari yaliyoharibika, kati ya Tororo na Malaba hapa Uganda. Manispaa wananiambia leseni ya biashara inatosha, polisi wa trafiki wanasema haitoshi. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Tororo*

Wasikilize wote wawili, ndugu yetu. Leseni ya biashara inakuruhusu kufungua ofisi na kutoza wateja, lakini lori lenyewe linapoingia barabarani linaulizwa mengine kabisa. Usitegemee karatasi moja itakayokumalizia yote.

Anzia URSB, ofisi ya serikali inayosajili biashara na kampuni. Jina la biashara ni jepesi kusajili, ila ukidaiwa, nyumba na shamba lako vinaweza kufuatwa. Anayeshika magari ya watu kila siku anakaa karibu na madai makubwa, kwa hiyo sisi tungesajili kampuni. Ukishapata cheti, chukua TIN, namba ya mlipakodi, kutoka URA, mamlaka ya mapato, halafu rudi manispaa kwa leseni ya biashara. Aliye Kampala anaipata KCCA, mamlaka ya jiji.

Sasa lori. Kabla hujatoa hata shilingi, soma logibuku, kitabu cha usajili wa gari. Malori mengi ya aina hii yalizaliwa ya mizigo, krini ikaja kuchomelewa gereji, na logibuku bado inataja bodi ya zamani na uzito wa zamani. Askari akilinganisha maandishi na anachokiona, unasimamishwa. Bima nao watalinganisha siku ya ajali, na hapo ndipo fidia inapokwama. Muuzaji arekebishe kwanza, ulipe baadaye. Leseni ya usafirishaji chini ya Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998 iulizie Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na uweke akiba ya kodi ya awali ya URA: gari la kusafirisha mizigo lenye uwezo wa tani 2 au zaidi hutozwa shilingi 50,000 kwa kila tani kwa mwaka. Permiti ya dereva iwe ya daraja la lori, CM kwa la kati na CH kwa zito. Permiti ya B haimtoshi.

Wengi wanaumia kwenye bima. Stika ya lazima, ile ya sheria ya 1989, inahusu watu wengine wanaoumia au kufa. Gari la mteja likichomoka kwenye ndoano na kubingiria mtaroni, stika hiyo hailipi kitu. Omba bima ya mali ya watu iliyo mikononi mwako, kisha soma inaanza lini: mnyororo unapofungwa, au lori linapoondoka? Je, inahesabu gari linalolala uani kwako wikendi?

Jambo la mwisho, na tunaliona likidharauliwa mno, ni ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu. Ukiinua tani 2 kwenye ndoano iliyo mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 4, ekseli ya mbele inapunguziwa tani 1 na ya nyuma inaongezewa tani 3. Usukani unakuwa mwepesi, matairi ya mbele hayashiki lami kwenye kona, na kwenye mizani ekseli ya nyuma inaweza kuvuka kikomo ingawa lori zima halijazidi. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa ekseli moja yenye matairi manne ni tani 10. Pima lori likiwa tupu, ekseli kwa ekseli, uandike namba hizo ndani ya kabini. Dereva atajua mapema kazi ya kukataa.

Forester yangu ya otomatiki iliharibika njia ya Mbale. Brekdauni ikainua magurudumu ya mbele, ikaniburuta hadi mjini. Sasa giaboksi imekufa, mwenye brekdauni anasema ilikuwa mbovu tangu awali.
*Mama Subaru, Mbale*

Pole sana, mama. Gari hilo linasukumwa na magurudumu yote manne. Ya nyuma yakizunguka barabarani huku ya mbele yamening'inia, klachi inayogawa nguvu ndani ya giaboksi inasuguana mfululizo, na kwa kuwa injini imezimwa, pampu haisukumi mafuta ya kuipoza. Inaungua. Magurudumu yote manne yalipaswa kuwa juu ya lori la kitanda.

Mpe fundi asiye na upande aifungue giaboksi mbele ya shahidi, apige picha za klachi na rangi ya mafuta, aandike ripoti. Pamoja na risiti ya kuvutwa, huo ndio ushahidi wako. Mwandikie mwenye brekdauni dai rasmi, umpe siku 14. Akinyamaza, nenda mahakama ya hakimu kwa utaratibu wa madai madogo: utaratibu huo hupokea dai lisilozidi shilingi milioni 10, na mawakili hawaruhusiwi kusimama hapo, kwa hiyo hutalipa wakili.

Nikigongwa, naweza kuita brekdauni kabla polisi hawajafika?
*Dereva, Jinja*

Kuita, ita. Kufunga mnyororo, subiri. Majeruhi wanaondolewa mara moja, lakini magari yakisogezwa kabla polisi hawajapima, alama za matairi hazielezi tena nani alihama upande wake. Kisha gari hukaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi: breki, usukani, matairi. Ripoti yake utaihitaji kwa bima, kwa hiyo mkataze mvutaji au fundi kugusa breki kabla haijaandikwa.

Mkisubiri, patana bei: kiasi, mwisho wa safari, na ada ya kulaza gari kwa siku, viandikwe pamoja na namba ya brekdauni. Piga picha pande zote nne na ndani, redio ionekane. Na yale matawi mliyoweka barabarani kuonya wengine, myaondoe kabla ya kuondoka, maana usiku bodaboda anayakwepa akiingia upande wa matrela.